Ajira za huduma katika sekta binafsi Minnesota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwezi jimbo la Minnesota hutangaza nafasi za kazi zimeongezeka au zimepungua kiasi gani. Ndani ya tangazo hilo kuna namba moja inayotugusa sana sisi tunaozungumza Kiswahili hapa, kuanzia Brooklyn Park na St. Paul hadi Rochester: idadi ya ajira katika sekta binafsi ya huduma. Hospitali, nyumba za wazee, nyumba za kuhudumia watu wenye ulemavu, maghala, hoteli, benki na maduka vyote vimo humo. Nimekuwa nikiifuatilia namba hii kwa muda mrefu, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayonijia tena na tena.

Namba hii inahesabu nini hasa?

Inahesabu nafasi za kazi zinazolipwa mshahara katika kampuni na mashirika binafsi yanayotoa huduma ndani ya mipaka ya Minnesota. Watakwimu huzigawa huduma hizo katika mafungu saba. La kwanza ni biashara, uchukuzi, umeme na maji. Kisha kuna habari na mawasiliano. Fedha, bima na nyumba za kupangisha. Huduma za kitaalamu na za kibiashara. Elimu binafsi na afya. Burudani, hoteli na mikahawa. Na la mwisho ni huduma nyinginezo, kama gereji, saluni na makanisa.

Kinachobaki nje ni viwanda, ujenzi, misitu na uchimbaji wa madini, pamoja na serikali zote, yaani ya shirikisho, ya jimbo na za mitaa. Kilimo hakimo kabisa. Minnesota ina takribani nafasi milioni 3 nje ya kilimo, na zaidi ya milioni 2 kati ya hizo ni za huduma za sekta binafsi. Sifa ya jimbo hili ni chuma cha Iron Range na mashamba ya mahindi, lakini mishahara mingi hutoka kwenye huduma.

Neno "binafsi" huwachanganya watu. Halina maana ya biashara ya kutafuta faida. Mayo Clinic ya Rochester ni taasisi isiyogawa faida, lakini ni ya binafsi, kwa hiyo wafanyakazi wake wote wa Minnesota wamo.

Ni nani anayezikusanya takwimu hizi?

Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, BLS, kwa kushirikiana na idara ya ajira na uchumi ya jimbo, DEED. Chombo chao ni utafiti wa waajiri unaoitwa CES. Kila mwezi waajiri takribani 120,000 nchi nzima, wenye vituo vya kazi zaidi ya 600,000, huulizwa swali la kawaida kabisa: ni watu wangapi mliowalipa katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi huu?

Zamani wataalamu wa kila jimbo ndio waliopiga hesabu ya jimbo lao. Tangu makadirio ya Machi 2011, kazi hiyo imehamia BLS, kwa njia moja kwa majimbo yote. DEED bado huzipokea, huzieleza na kuzichapisha.

Kwa nini tarehe 12?

Ili kila mwezi uchukuliwe picha mahali pale pale. Ukilipwa hata saa moja katika kipindi hicho cha malipo, unahesabiwa. Usipolipwa kabisa, huhesabiwi, hata kama kazi yako inakusubiri.

Mfano mzuri ni Septemba 2022, wauguzi wapatao 15,000 walipogoma katika hospitali za Minneapolis, St. Paul na Duluth. Mgomo ulianza tarehe 12 yenyewe! Wengi walidhani takwimu za afya zingeporomoka. Hazikuporomoka, kwa sababu mgomo ulikuwa wa siku tatu, na muuguzi anayelipwa kila wiki mbili alikuwa na siku nyingine alizolipwa ndani ya kipindi hicho hicho. Anayeondolewa kwenye hesabu ni yule tu aliyegoma kipindi kizima cha malipo.

Nina kazi mbili. Nahesabiwa mara ngapi?

Mara mbili, na ningependa kila msomaji alishike jibu hili kuliko mengine yote.

Utafiti wa waajiri hauwajui watu. Unajua majina yaliyo kwenye orodha ya mishahara ya kampuni. Mwenzetu anayeshinda mchana katika nyumba ya wazee kisha akakesha usiku katika nyumba ya watu wenye ulemavu inayoendeshwa na kampuni nyingine ni nafasi mbili za kazi. Akizifanya zamu zote mbili chini ya mwajiri mmoja, hata kama ni katika nyumba mbili tofauti, ni nafasi moja. Na zamu ya saa nane kwa wiki ina uzito ule ule wa kazi ya saa arobaini.

Hivyo namba ikipanda kwa 2,000, huenda watu 2,000 wamepata kazi. Huenda pia ni watu wale wale waliokuwa na kazi tayari, wameongeza ya pili kwa sababu kodi ya nyumba imepanda. Namba peke yake haiwezi kukueleza ni lipi kati ya hayo. Nikisikia mtu anatangaza kwamba "watu elfu kadhaa wamepata ajira mwezi huu Minnesota", huwa nasikitika, maana nawajua walioko nyuma ya namba hiyo na najua wengine hawajalala.

Uko utafiti mwingine unaohesabu watu, unaofanywa kwa kuzitembelea au kuzipigia simu kaya takribani 60,000 nchi nzima. Huko wewe ni mtu mmoja hata ukiwa na kazi tatu. Kiwango cha ukosefu wa ajira hutoka kwenye utafiti huo wa kaya, na ndiyo maana mwezi mmoja nafasi za kazi zinaweza kuongezeka na ukosefu wa ajira nao ukaongezeka bila yeyote kuwa amekosea.

Mimi ni muuguzi. Bila shaka nimo kwenye "afya"?

Inategemea nani anayekulipa. Hapa ndipo takwimu zinapoachana na macho yetu, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Ukiajiriwa na Mayo au hospitali nyingine ya binafsi, umo kwenye elimu na afya. Ukifanya kazi ile ile, kwa vazi lile lile, katika hospitali kuu ya kaunti ya Hennepin, wewe ni mfanyakazi wa serikali ya mtaa, na namba ya sekta binafsi haikuoni. Katika hospitali ya wanajeshi wastaafu uko serikali ya shirikisho. Ukiajiriwa na Chuo Kikuu cha Minnesota, uko serikali ya jimbo.

Na kama unapelekwa zamu na wakala wa ajira? Basi unahesabiwa kule wakala aliko, yaani kwenye huduma za kitaalamu na za kibiashara, pamoja na wahasibu na walinzi. Unawageuza wagonjwa kitandani usiku kucha, lakini kitabuni humo kwenye afya. Hospitali ikiacha kutumia mawakala na kuwaajiri wale wale moja kwa moja, takwimu zitaonyesha afya imekua na huduma za kibiashara zimedorora, ilhali hakuna mtu hata mmoja aliyebadilisha wodi.

Mambo ya namna hii yapo kila mahali. Dereva wa basi la shule akilipwa na kampuni yenye mkataba, yuko kwenye uchukuzi binafsi. Akilipwa na wilaya ya shule, yuko serikalini. Wafanyakazi wa posta ni serikali ya shirikisho. La kushangaza wengi ni kasino: zile zinazomilikiwa na mataifa ya Wenyeji wa Asili, kama Mystic Lake, tangu 2001 huhesabiwa chini ya serikali za mitaa. Mpishi wa Mystic Lake na mpishi wa hoteli ya Bloomington hawamo katika safu moja.

Wahudumu wa majumbani, je?

Wamo kwenye afya na huduma za jamii, ila haikuwa hivyo siku zote. Hadi 2012 wengi wa wanaomhudumia mzee au mlemavu nyumbani kwake kwa malipo ya mpango wa serikali walikuwa wakiandikwa kama watumishi wa nyumbani walioajiriwa na familia, na watumishi wa namna hiyo hawamo kwenye utafiti wa waajiri. Mwanzoni mwa 2013 walihamishiwa kwenye huduma za wazee na watu wenye ulemavu. Nchi nzima nafasi zilizohama zilikuwa karibu 466,000.

Anayechora mstari wa miaka mingi kwa kutumia hesabu ghafi za robo mwaka (zile za bima ya ukosefu wa ajira, nitakazozieleza hapo chini) atauona huo mruko na kudhani kwamba Marekani iliajiri jeshi zima la wahudumu katika majira yale ya baridi. Wahudumu walikuwapo miaka yote, wakiogesha na kulisha. Kilichobadilika ni fungu waliloandikwa. Kwa hiyo ukiuona mstari umeruka ghafla, kwanza uliza kama uainishaji umebadilishwa.

Naendesha Uber. Nimo?

Humo. Anayepokea fomu ya 1099 ni mtu aliyejiajiri, na waliojiajiri hawahesabiwi. Vivyo hivyo mwenye lori lake anayebeba mizigo kwa mkataba, msusi anayesukia nyumbani kwake, na yaya aliyeajiriwa na familia moja kwa moja. Mwenye duka aliyeandikisha kampuni na kujilipa mshahara humo, yeye anahesabiwa.

Kwa jamii yetu pengo hili ni kubwa. Mtu akiacha ghala na kuingia barabarani na gari lake, ajira ya huduma imepungua kwa moja, ingawa anaendelea kufanya kazi, tena kwa saa nyingi zaidi.

Asiye na karatasi za uhamiaji anahesabiwa?

Kama jina liko kwenye orodha ya mishahara, ndiyo. Utafiti huu hauulizi hali ya uhamiaji, wala hauchukui majina ya wafanyakazi. Mwajiri hutoa jumla tu. Anayelipwa fedha taslimu mkononi bila kuandikwa popote hawezi kuonekana, awe raia au asiwe raia.

Nalala Wisconsin, nafanya kazi Minnesota. Niko wapi?

Katika namba hii uko Minnesota, kwa sababu waajiri huhesabu mahali kazi ilipo. Katika utafiti wa kaya uko Wisconsin, unakolala. Wanaovuka mto St. Croix kila asubuhi kutoka Hudson, na wale wa Moorhead wanaovuka kwenda Fargo, North Dakota, wako namna hii.

Hapo hapo tahadhari moja: eneo la jiji la Minneapolis–St. Paul katika takwimu linachukua pia kaunti za Wisconsin, na eneo la Duluth vivyo hivyo. Usichukue jumla ya jimbo ukaondoa ya jiji ukidhani kilichobaki ni vijijini mwa Minnesota. Nimeiona hesabu hiyo ikifanywa hadharani, na jibu lake si sahihi.

"Imerekebishwa kwa msimu" maana yake nini?

Mvuvi wa pwani hashangai samaki wakipungua wakati wa kusi. Angeshangaa wakipungua kaskazi. Marekebisho ya msimu yanafanya vivyo hivyo: yanaondoa mabadiliko yanayojulikana ya kila mwaka ili kibaki kile kisicho cha kawaida.

Hapa Januari maduka huwaachisha watu waliochukuliwa kwa ajili ya Krismasi, na kiangazi hoteli za maziwani hujaa. Bila marekebisho, kila Januari ingesomeka kama msiba na kila Juni kama neema. Ukitaka kulinganisha mwezi huu na uliopita, tumia namba iliyorekebishwa. Ukilinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, ile isiyorekebishwa inakutosha, na mimi huipenda zaidi kwa sababu haijapitia mikono mingi.

Mbona namba ya mwezi uliopita imebadilika? Wanatudanganya?

Hapana. Naomba nieleze vizuri, maana swali hili limeingia siasa.

Namba ya kwanza ya jimbo hutoka wiki chache tu baada ya tarehe 12. Wakati huo baadhi ya waajiri hawajajibu. Mwezi unaofuata majibu ya waliochelewa yakishafika, namba hurekebishwa. Hiyo ni hatua ya kwanza.

Hatua ya pili ni nzito zaidi. Karibu kila mwajiri yumo katika bima ya ukosefu wa ajira, na kila robo mwaka huwasilisha orodha ya wafanyakazi wake. Kumbukumbu hizo, zinazoitwa QCEW, zinagusa zaidi ya asilimia 95 ya ajira zote nchini. Si sampuli tena. Zinakaribia kuwa hesabu kamili. Tatizo ni kwamba huchelewa kwa miezi kama mitano. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka, takwimu za Januari zinapotolewa mwezi Machi, makadirio yote ya jimbo hulinganishwa na hesabu hizo na kusahihishwa kurudi nyuma.

Marekebisho yanaweza kuwa makubwa. Agosti 2024 BLS ilitangaza kwa awali kwamba ajira za nchi nzima hadi Machi mwaka huo zilikuwa zimekadiriwa juu mno, kwa nafasi 818,000; hesabu ya mwisho ilipofika mwanzoni mwa 2025 ikawa karibu 600,000. Tarehe 1 Agosti 2025, baada ya ajira za Mei na Juni kushushwa kwa jumla ya 258,000, Rais Trump alimfukuza kazi mkuu wa BLS, Erika McEntarfer, akidai namba zimechezewa bila kutoa ushahidi.

Mtazamo wangu ni huu. Ofisi inayosema hadharani "tulikadiria hivi, sasa tumepata majibu zaidi, ukweli uko hapa" inafanya kazi yake kwa uaminifu. Ambayo ningeiogopa ni ofisi isiyorekebisha kamwe.

Sababu moja ya makosa ni biashara mpya. Mkahawa uliofunguliwa mwezi uliopita haumo kwenye sampuli, na uliofungwa haujibu barua. BLS hukadiria pengo hilo kwa mfumo wa kihesabu, na uchumi unapogeuka ghafla, makadirio hayo hukosea.

Kwa nini kuna wakati takwimu hazikutoka kabisa?

Serikali ya shirikisho ilifungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025 kwa kukosa bajeti. Takwimu za waajiri za Oktoba zilikusanywa baadaye, kwa kuwa orodha za mishahara zilikuwapo. Za kaya hazikukusanywa, kwani huwezi kumpigia mtu simu Desemba umuulize alifanya kazi siku ngapi wiki ya pili ya Oktoba. Ndiyo maana kiwango cha ukosefu wa ajira cha Oktoba 2025 hakipo, na hakitakuwapo.

Je, namba hii inaniambia kazi ni nzuri au mbaya?

Hapana. Haisemi lolote juu ya mshahara, bima, wala kama zamu yako itakatwa wiki ijayo. Utafiti huo huo hutoa wastani wa saa na malipo kwa jimbo, na mimi huutazama sambamba. Nafasi zikibaki pale pale lakini wastani wa saa ukashuka miezi kadhaa mfululizo, waajiri wameanza kubana. Kwa kawaida huanza na saa kabla ya kuachisha watu.

Naweza kulinganisha na Kenya?

Kwa shida. Shirika la takwimu la Kenya, KNBS, hutoa ripoti yake ya uchumi mara moja kwa mwaka, na ndani yake kuna makadirio ya sekta ya jua kali, yaani kazi zisizo rasmi, inayobeba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo cha wakulima wadogo. Ukiuchukua utafiti wa Minnesota jinsi ulivyo ukaupeleka soko la Gikomba, Nairobi, ungewapita watu karibu wote bila kuwaona. Minnesota haina Gikomba, lakini madereva wa 1099 na wasusi wa nyumbani ni ndugu wa jua kali, na huku hawahesabiwi katika safu hii.

Nikitaka kuitazama mwenyewe, naanzia wapi?

Nenda tovuti ya BLS, au ya FRED inayoendeshwa na benki kuu ya shirikisho tawi la St. Louis, utafute SMS27000000800000001. Msimbo huo unatisha, lakini unasomeka: SM ni takwimu za majimbo na miji, S inayofuata ni kwamba imerekebishwa kwa msimu (ukiweka U badala yake unapata isiyorekebishwa), 27 ni Minnesota, sufuri tano ni jimbo zima, 08 ni huduma za sekta binafsi, na 01 mwishoni ni idadi ya wafanyakazi. Ukibadilisha 08 kuwa 65 unapata elimu na afya. 70 ni burudani na hoteli. 60 ni huduma za kitaalamu, waliko mawakala.

Namba zimeandikwa kwa maelfu, kwa hiyo 2,100.5 ni nafasi 2,100,500. Mstari wake unaanzia 1990.

Ukiufungua, jambo la kwanza utakaloliona ni shimo la Aprili 2020, nchi nzima ilipopoteza zaidi ya nafasi milioni 20 kwa mwezi mmoja, na hoteli na mikahawa karibu nusu ya wafanyakazi wake. Shimo hilo ni kubwa kiasi kwamba mengine yote yanaonekana tambarare. Sogeza mwanzo wa mchoro hadi 2022 ndipo mistari ya sasa ionekane. Kisha weka 65 na 60 pamoja, miaka mitatu minne, uone kama afya inapopanda mawakala wanashuka. Mwezi mmoja peke yake usiubebe kichwani. Katika jimbo la ukubwa huu, mabadiliko ya mwezi mmoja mara nyingi huwa ndani ya kosa la kawaida la sampuli. Mimi huchukua wastani wa miezi mitatu, na kila Machi nafuta nilichohifadhi na kupakua upya, kwa sababu historia yenyewe imesahihishwa.